Ba Prof wetu, mulikuta nini?



Siku ya kutetea memwari hapa kwetu inafanana na harusi ndogo. Wazazi wanatoka Mahagi, Aru, Komanda, kama barabara inakubali. Mama anavaa kitenge kipya, shangazi analeta keki na maji ya chupa ya kuweka mbele ya watu wa jiri, mupiga picha anazunguka. Mwanafunzi anasoma dakika kumi na tano, anaulizwa maswali mawili matatu, anaambiwa atoke inje, anarudishwa, anapewa alama, na watu wanapiga vigelegele na kumumwangia poda kichwani. Kesho yake zile nakala tatu za memwari zinagawanywa: moja kwa mwalimu aliyemusimamia, moja ofisini, moja maktaba. Habari inaishia hapo.

Sisi tunaoandika hapa tumepita wote katika siku hiyo. Tuko na diploma, kazi hatuna, na shomeri hakosi kitu kimoja: muda. Katika huo muda tumekaa tukaulizana swali ambalo hatukuuliza tulipokuwa bado kwenye viti vya oditwari. Yote ile tuliandika, iko wapi? Na ile walimu wetu wanaandika, ile inawapandisha kutoka asistanti hadi kuwa profesa, nani hapa Bunia amekwisha kuisoma?

Tulifanya jaribio dogo. Kila mmoja wetu ataje mwalimu mmoja aliyemufundisha, halafu aseme huyo mwalimu anatafiti nini. Kutaja majina ilikuwa rahisi. Tulijua nani ni mukali, nani anachelewa, nani ukikosa kununua silabi yake utaona alama zako zinayeyuka. Lakini anatafiti nini? Kimya. Miaka mitano ndani ya uwanja mmoja, tukipita mbele ya mlango wa mtu kila asubuhi, na hatujui anatafuta nini katika dunia hii.

Mwanafunzi wa kilimo hajui kwamba mwenzake wa udaktari, ng'ambo ya ukuta, anasoma ugonjwa wa watu wale wale wanaokula mihogo anayoipima yeye. Mwalimu wa sheria hajui mwalimu wa historia ameandika nini juu ya kijiji kile kile. Chuo kikuu kinakuwa kama nyumba ya kupanga, kila mutu na kufuli yake.

Kuna watakaosema: ninyi vijana munapenda kulalamika, jambo hili liko hivi tangu zamani. Hapana, haliko hivi tangu zamani.

Waulizeni wazazi wenu habari ya CANDIP. Wengi wetu tunajua jina paka kama jina la redio. Lakini zile herufi ziko na maana: Centre d'animation et de diffusion pédagogique, tuseme kituo cha kuamsha watu na kueneza mafundisho. Kilizaliwa miaka ya 1970 ndani ya ISP Bunia, chuo kinachotengeneza walimu wa sekondari. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi: kile walimu wa chuo wanajua kisibaki chuoni, kipande hewani, kifike kijijini kwa lugha ambayo watu wanasikia. Na huko vijijini kulikuwa vilabu vya kusikiliza: watu wanakaa pamoja mbele ya redio moja, wanasikia kipindi, wanabishana. Hiyo ilikuwa wakati wa Mobutu, bila intaneti, bila simu, na betri za redio zenyewe watu wanazianika juani ili zipate nguvu kidogo.

Kiisha vita ikafika. Mwaka 2002 na 2003 wenye silaha waliotawala mji waliishika redio hiyo wakasemea mambo yao. Kwa hiyo tunajua vizuri kwamba wao walielewa nguvu ya kusema na watu. Ni wasomi njo walisahau.

Leo tuko na WhatsApp, tuko na redio nyingi mjini, tuko na vyuo vingi kuliko wakati ule: Chuo Kikuu cha Bunia, Shalom, ISP, ISTM na vingine. Na tunajua kidogo zaidi juu ya kile kinachofikiriwa ndani yake.

Sasa tuseme kwa nini jambo hili linatuchoma. Haituchomi juu tunapenda makaratasi.

Chukueni sheria ya ardhi, namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973. Kila mwanafunzi wa sheria anaikariri. Inasema ardhi ni mali ya Serikali, na mutu anayetaka haki yenye nguvu juu ya kiwanja au shamba anapata karatasi, ile tunaita sertifika. Ndani ya sheria hiyo kuna jambo la miaka miwili: karatasi ikishatolewa, na miaka miwili ikapita bila mutu kwenda kuipinga, kuiondoa inakuwa ngumu sana. Ni mistari michache tu. Lakini watafiti wengi waliojaribu kueleza vita iliyowaka Djugu mwaka 1999 wanarudi kwenye mistari hiyo hiyo. Wanaeleza kwamba kulikuwa watu wenye akili na marafiki ofisini, waliopata karatasi juu ya ardhi ambayo wengine walikuwa wanalima, wakakaa kimya hadi miaka miwili ikaisha, halafu wakaja na karatasi mkononi wakaambia wakulima watoke.

Hatutaji kabila ya mutu, na tunaomba anayesoma asitafute kabila hapa. Angalieni paka hiki kitu: upande mmoja ulijua kifungu, upande mwingine haukujua. Mkulima ambaye angeambiwa mapema kwamba saa inahesabu, angeenda kupinga siku ya mia tatu, siku ya mia sita. Hakuna aliyemwambia. Waliojua walikuwa na kitabu, na kitabu kilikuwa kwa Kifaransa, na Kifaransa kilikuwa mjini.

Hatusemi mhadhara mmoja ungezuia vita. Bunduki zilitoka mbali, dhahabu ya Mongbwalu iliita wengi, jeshi la nchi jirani lilikuwa ndani ya nyumba. Kwa makadirio ya mashirika ya haki za binadamu, vita ya 1999 hadi 2003 iliua watu zaidi ya 50,000. Deni kama hilo haliwezi kubebeshwa mwalimu wa sheria. Lakini leo, baada ya yote hayo, nendeni mkaulize watu kumi kwenye soko kuu kama wanajua habari ya miaka miwili. Tuliuliza. Mmoja alijua, na alijua juu ameshtakiwa.

Mfano wa pili ni karibu zaidi, juu wengi wetu tulikuwa tunamaliza sekondari. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ikatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Kivu ya Kaskazini na Ituri ndizo zilibeba karibu yote: wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Ilifika Mambasa, ilifika Tchomia kando ya ziwa, ilifika hapa Bunia. Munakumbuka maneno ya wakati ule. Ni biashara. Ni watu wa Kinshasa wanataka tusichague rais. Ile sindano inaua. Tulisikia hayo nyumbani, na tuseme ukweli, wengine wetu tuliyarudia.

Wakati huo huo kulikuwa na hadithi nyingine, ya kweli, na hakuna aliyetuletea. Mwaka 1995 Ebola ilipiga Kikwit. Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani, alikuwa kule. Damu ya mutu mmoja aliyepona Kikwit njo ilikuja kutoa kinga ambayo wanasayansi waliitengeneza kuwa dawa, wakaiita mAb114. Kuanzia Novemba 2018 dawa hiyo ilijaribiwa pamoja na nyingine tatu hapa mashariki, ikianzia Beni, na Agosti 2019 ikatangazwa kwamba dawa mbili zimeshinda nyingine, yeye akiwa mmoja wao. Mwisho wa 2020 Marekani iliikubali rasmi. Fikirini kijana wa Bunia mwaka 2018 angeambiwa: dawa hii imetoka katika damu ya Mkongomani, mtafiti wake ni Mkongomani, na hivi njo inavyojaribiwa. Labda angebisha bado. Lakini angebisha juu ya kitu cha kweli.

Wageni nao tusiwasahau. Okapi ilikuwa inajulikana na Wambuti tangu babu za babu, lakini mwaka 1901 wanasayansi wa Ulaya waliitangaza kama mnyama mupya na kumupa jina la Johnston, Mwingereza. Mwaka 1961 Colin Turnbull aliandika The Forest People juu ya Wambuti wa pale Epulu, na kitabu kikasomwa dunia yote. Ramani na kumbukumbu za jiolojia za wakati wa Wabelgiji, zile zinazosema chini ya miguu yetu kuna nini, kwa sehemu kubwa ziko Tervuren, Ubelgiji. Mutu wa Oslo anaweza kusoma juu ya Ituri kuliko mutu wa Nyakasanza. Hilo tumelizoea, na tunalipigia kelele. Lakini ni aibu kumupigia kelele Mbelgiji juu ya kabati lake, na kabati la hapa kwetu limefungwa vile vile.

Na kuna namna nyingine, ambayo sisi wenyewe tunashiriki. Shomeri mwenye diploma hapa Bunia anaishi na ankete. Shirika linakuja, linatafuta vijana wenye kusema Kiswahili na Kifaransa, linatupatia tableti na dola chache kwa siku, na tunaenda Kigonze au kwenye kambi nyingine ya waliohama kuuliza maswali. Mulikula mara ngapi jana? Mulikimbia kutoka wapi? Mutoto alikufa mwaka gani? Wakati mwingine ni mwalimu wetu wa zamani njo anasimamia kazi, na kwa hiyo tunaita ile utafiti. Mama mmoja alituangalia, akaacha kupepeta, akasema: "Ile majibu tulipatiaka benzenu mwaka jana, ilifika wapi?" Hatukuwa na jibu. Ripoti hatukuiona na sisi. Tulibonyeza "tuma", ikaenda.

Swali la huyo mama njo lilianzisha maandishi haya.

Sasa, haki iko na pande zote, na tusiwe watu wa kutupa mawe tu. Ba asistanti wengi wanafundisha miaka bila mushahara wa Serikali, wanaishi na ile primi chuo kinatoa kutoka minervali ya wazazi wetu. Ba profesa wenye daktarat ni wachache hapa, na wengine wanatoka Kisangani au Kinshasa kwa ndege, wanafundisha saa arobaini na tano kwa siku chache, asubuhi hadi giza, wanapanda tena ndege. Huwezi kumuomba mutu kama huyo abaki Jumamosi kupiga mhadhara wa bule. Kwenda kutafiti Djugu, Irumu au Mambasa ni kuweka roho mkononi. Na tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, ile eta de siyeji. Mwalimu anayetafiti dhahabu au silaha anapima maneno yake mara mbili, na hatumulaumu.

Tena kuna hili la kupanda cheo. Ili upande, unapaswa kuchapisha makala, na makala inahesabiwa ikitoka kwenye jarida. Jarida likiwa la mbali, ni vizuri zaidi. Hakuna mahali kwenye fomu panapouliza: ulieleza watu wa mtaa wako mara ngapi? Kwa hiyo mwalimu akiwa na saa mbili, ataziweka pale zinapohesabiwa. Sisi pia tungefanya hivyo. Lakini komite za vyuo zinaweza kubadilisha hesabu hiyo ndani ya kuta zao bila kungoja Kinshasa, angalau kwa mambo madogo: nani anapata primi ya utafiti, nani anapewa safari, nani anaongoza idara.

Kitu tunaomba si kikubwa. Jumamosi moja kwa mwezi, oditwari moja ifunguliwe, mwalimu mmoja asimame aseme: mimi ninatafiti hiki, nilikuta hiki, hiki sijakiona bado. Nusu saa ya kusema, saa nzima ya maswali. Kwa Kiswahili. Hapo njo ba Prof wengi wataona ugumu, na tunaelewa: ni rahisi kusema Kifaransa cha vitabu, kinafunika mashimo. Ukieleza jambo kwa Kiswahili mbele ya mwanafunzi wa kwanza, mulinzi wa mlango na mama anayeuza mandazi uwanjani, kama hujaelewa mwenyewe, itaonekana. Anayefundisha kilimo atuambie juu ya ule ugonjwa unaokunja majani ya mihogo kila mahali. Anayefundisha afya atuambie kwa nini tauni, ugonjwa ambao dunia inadhani uliisha zamani, bado inarudi huku kwetu upande wa Rethy, na kwa nini kulala chumba kimoja na magunia ya mahindi kunaita panya, na panya anakuja na viroboto wake. Mambo haya yanajulikana. Yako kwenye makaratasi.

Halafu, memwari zitolewe kabatini. Tuanze na orodha tu: jina, mwaka, kichwa cha memwari, ibandikwe ukutani na itumwe kwa simu. Leo mwanafunzi anachagua somo bila kujua kwamba watu wanne walikwisha kulifanya, na anarudia kosa lao, na watano watarudia la kwake. Kuna wanaosema orodha inafichwa juu wengine walinakili memwari nzima ya mwenzao. Hatujui. Lakini kama njo sababu, orodha itawasaidia hata walimu.

Na jambo moja la bule kabisa. Kuna mpango wa kimataifa unaoitwa Research4Life. Sehemu yake ya afya, Hinari, ilianzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, na ile ya kilimo, AGORA, ilifuata 2003. Unafungulia vyuo vya nchi maskini majarida ambayo mutu wa kawaida akitaka kusoma makala moja tu anaombwa dola thelathini na zaidi. Kongo iko katika kundi lisilolipa kitu. Chuo kinajiandikisha, maktaba inapata neno la siri, wanafunzi wanasoma. Kama chuo chenu kimejiandikisha, ulizeni nani anashika lile neno la siri. Kama hakijajiandikisha, ulizeni kwa nini. Tunajua koneksyon ni mbaya na umeme unakatika. Basi mutu mmoja apakue, wengine wapokee kwa flashi. Filamu za Nigeria zinafika Bunia kwa njia hiyo hiyo.

Sisi tutaleta nini? Viti, tutabeba. Kutafsiri, tutatafsiri, hiyo ankete imetufundisha kusema jambo gumu kwa maneno mepesi. Kuandika kurasa mbili za kila mhadhara na kuzipeleka kwenye redio za mji, tutafanya. Hatuombi makuta.

Mwezi uliopita mmoja wetu hakungoja. Memwari yake ilikuwa juu ya maji ya visima vya mtaa anakoishi. Alikuwa amepima, amechora ramani, amekuta kwamba visima vilivyo karibu sana na vyoo viko na vijidudu vya kinyesi. Miaka miwili kazi hiyo imelala. Jumapili baada ya misa aliazima viti kwa jirani, akabandika ramani kwenye ukuta wa nyumba yao, akawaita watu wa avenyu. Walikuja wengi kuliko viti. Hakuna aliyeuliza juu ya metodolojia. Baba mmoja alisogea karibu na ramani, akaweka kidole: "Kisima ya kwetu ni gani hapa?" Akaonyeshwa. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza tena: "Na huyu mwalimu mwenye alikusimamia, alijuaka hii?"

Alijua. Alimupa 16 kwa 20.